Vituta Chini ya Bunduki

Bunduki ilikuwa imelala juu ya mchanga, si ndani yake, na hilo ndilo lililomfanya Inspekta Tarcisio Otema avue viatu.

"Afande, maji hayo ni machafu," alisema Konstebo Rosalba Amito, akivipokea viatu vya mkubwa wake kwa vidole viwili.

"Machafu yalipita usiku. Haya ni mabaki tu. Vishike vizuri, sina vingine."

Mfereji ule ulipita nyuma ya nyumba za Kawempe ukienda kumwaga maji yake kwenye mafunjo ya bondeni. Jana jioni mvua ilinyesha hasa, mfereji ukafurika mpaka kwenye migomba. Asubuhi hii maji yalifika kwenye kifundo cha mguu tu, yakitembea bila haraka juu ya mchanga mpya. Wachimba mchanga, wale ambao mvua ikikatika hufika na majembe kuzoa mchanga wa kuwauzia wajenzi, ndio walioiona. Hawakuigusa. Walikimbia hadi kituo cha Wandegeya wakiwa na matope mpaka magotini, maana katika miaka ile ya utawala wa jeshi mtu mwenye akili zake haokoti bunduki ya serikali, hata akiikuta mlangoni pake.

Mwenye bunduki alijulikana. Praivet Lemi, askari wa kizuizi cha barabarani, alikuwa ameripoti kwamba jana magharibi, kabla ya mvua, mtu mwenye lafudhi ya Kikongo alimpiga kisogoni akaipora. Na nyumba iliyokuwa karibu kabisa na mahali pale ilikuwa ya Barnabé, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu aliyeuza vitenge sokoni Kikuubo. Barnabé mwenyewe alikuwa mahabusu Wandegeya tangu jana. Alikamatwa kizuizini na mzigo wa vitenge visivyo na risiti, akakabidhiwa polisi mvua ikianza kudondoka. Kwa hiyo jeshi lilikuwa limeshapata jibu lake: Mkongo alipora, akatupa mferejini akipita, mvua ikafunika, asubuhi ikafunua. Kilichobaki ni kuja kumchukua.

Otema aliinama mpaka pua ikakaribia maji. Chini, mchanga ulikuwa umejipanga vituta vidogo vidogo, kila kimoja upana wa vidole vitatu au vinne, mstari baada ya mstari. Kila kituta kilikuwa na mgongo mrefu wa taratibu upande maji yanakotoka, na uso wa kukatika ghafla upande yanakokwenda. Alifuata mstari mmoja kwa kidole. Ulifika kwenye bunduki, ukapita chini yake, ukatokea upande wa pili bila kukatika.

Juu kidogo kulikuwa na jiwe. Hilo lilikaa kwenye shimo lake: maji yalikuwa yamechimba mbele yake na kuacha mkia wa mchanga nyuma. Bunduki haikuwa na shimo wala mkia. Kituta kimoja tu kilikuwa kimeanza kuupanda ubavu wa kitako chake, na hata hicho hakijafika mbali.

"Amito, jiwe lile lilikuwepo mvua ikinyesha?"

"Lilikuwepo hata mwaka jana, afande. Wanalifulia nguo."

"Na bunduki?"

Amito alitazama jiwe, akatazama bunduki, akarudia jiwe. "Wanasema imekuwepo tangu jana."

"Wanasema," alisema Otema.

Karibu na mtutu kulikuwa na alama mbili za mguu mtupu, mdogo, kisigino kimezama. Chini ya kila alama vituta vilikuwa vimeacha mstari, vimepinda na kunenepa kuliko wenzao. Otema alikuwa bado anavitazama aliposikia Landrova ya jeshi ikizimwa kwenye migomba.

Kapteni Kenyi, mkuu wa vizuizi vya upande ule, alishuka na mikono mfukoni. "Inspekta, wewe nasaka samaki?"

"Nasaka ushahidi, afande."

"Ushahidi iko pale. Toa."

"Nitatoa. Ila ningeomba Kapteni aitoe kwa mkono wake mwenyewe, kesho mtu asije kusema polisi waliichezea. Na kabla ya kuinua, apitishe vidole chini yake."

Hilo la polisi kutochezea lilimpendeza Kapteni. Aliingia majini na buti zake, akakunja mkono wa shati, akatia vidole chini ya chuma.

"Nasikia mikunjo. Kama bati ya nyumba."

"Chini kabisa ya bunduki?"

"Si nimesema? Bati."

"Asante sana, afande," alisema Otema, na shukrani ile ilitoka moyoni, ingawa Kapteni hakujua alichoshukuriwa.

Bunduki ikainuliwa. Kapteni aliunusa mkanda wa turubai wa kuibebea, akakunja uso. Ulinuka uchachu. Akapanda ukingo, akaingia uani kwa Barnabé pasipo hodi, na humo akamkuta mke wa mwenye nyumba, Hortense, na pipa la muhogo uliovundikwa majini, kama watu wa kwao wanavyofanya kabla ya kuukausha na kuutwanga. Kapteni aliinama juu ya pipa, akanusa, akarudi akitabasamu.

"Harufu moja. Jua ikizama mimi nakuja Wandegeya, nachukua yeye."

Hortense alisimama penye pipa, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Hakulia. Waliochukuliwa na Landrova ile hawakuwa na desturi ya kurudi, na yeye alilijua hilo kama anavyojua jina lake. "Inspecteur," alisema, "bwana yangu alilala kwenu. Nyie munajua alilala kwenu."

"Tunajua, Mama."

Amito, aliyepewa bunduki ampangusie Kapteni kabla haijapakiwa, aliupitia mkanda taratibu kuliko ilivyohitajika. Landrova ilipoondoka alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na maganda madogo mekundu aliyoyachokoa kwenye mshono kwa ukucha.

"Afande, muhogo hauna maganda haya."

"Ni nini?"

"Ulezi. Wa kupikia pombe. Mimi nimelelewa nao, huwezi kunidanganya."

Otema alitoa kiberiti, akavimwaga vijiti mfukoni, akayatia maganda kwenye kasha. "Mungu akuweke, binti yangu," alisema.

*

Mahabusu, Barnabé alikuwa amelikunja blanketi la kituo vizuri, kona kwa kona, utadhani ni la dukani kwake.

"Nashukuru kwa blanketi, Inspecteur."

"Usishukuru bado. Mvua ilikukuta wapi?"

"Hapa ndani. Ilikuwa inapiga bati mpaka siwezi kusikia sala yangu mwenyewe."

"Praivet Lemi unamjua?"

"Sikumuona. Wenzake walikuwa wanamuuliza kwa kucheka. Mmoja alisema, Lemi amekwenda kuvuta mrija. Miye nilidhani ni sigara."

Otema alielewa palepale. Kaskazini alikozaliwa hakuna asiyejua kinachovutwa kwa mrija, na sigara haimo.

"Watanichukua?" aliuliza Barnabé.

"Jua likizama, wakikuta sina la kusema."

"Basi sema kitu, papa."

*

Kutoka kituoni hadi chuo kikuu ni kupanda kilima tu. Bwana Hippolyte, mwalimu aliyesomea mito, alikuwa Mkongo pia, mtu wa suti moja na mizaha mingi. Zamani aliibiwa baiskeli, Otema akaipata sokoni Wandegeya ikiwa imeshapakwa rangi nyingine. Wengine husahau wema kama huo kabla tairi halijaisha. Hippolyte hakuusahau, na kila alipomwona Otema alipiga kengele ya ile baiskeli hata kama hakuja kwa kesi yoyote.

Otema alimweleza yote, akamalizia na swali. "Vituta hivyo, vinachukua muda gani kuzaliwa? Na mvua kubwa inavifanya nini?"

"Usiulize miye. Uliza maji."

Alikuwa na mfereji wa vioo, mrefu kama kitanda cha wageni, mchanga mwembamba umesawazishwa chini. Alifungua bomba kidogo. Maji yalipita, mchanga ukalala vilevile. Akaongeza. Punje zikaanza kuruka moja moja, zikigusa na kuruka tena, lakini mchanga ulibaki sawa.

"Sasa tia kidole. Fanya kashimo."

Otema alitia kidole. Nyuma ya kashimo kale, upande maji yanakokwenda, kakatokea katuta. Nyuma ya katuta kakatokea kengine, kisha kengine, mpaka mchanga wote ukawa umejikunja. Amito aliyekuja kwa kazi alisahau kazi, akapiga goti mbele ya kioo.

"Maji inabeba punje, inapanda nazo mgongoni," alisema Hippolyte. "Kileleni inachoka, punje inaanguka mbele. Ndiyo sababu mbele ni mkato. Inafuata ingine, inaanguka juu yake. Kwa hiyo tuta yote inatembea. Usione imetulia. Iko safarini."

"Inatembea kweli, afande," alisema Amito. "Hiyo ya kwanza imeshapita ukucha wangu."

"Na mvua?" aliuliza Otema.

Hippolyte alifungua bomba mpaka mwisho. Maji yalinguruma, vituta vikalala, na katika muda wa mtu kupangusa miwani mchanga ukawa sawa kama ulivyoanza. Kisha akachukua funguo zake, akazitumbukiza. Maji yakachimba mbele yake, funguo zikainama, zikazama nusu. Alipopunguza maji, vituta vilirudi pole pole, vikazizunguka. Vingine vikazifunika.

Otema alizitazama zile funguo kwa muda. Sasa alikuwa na mpangilio. Mvua ilifuta kila kitu usiku. Maji yalipopungua, vituta vikazaliwa. Baada ya vituta, ndipo bunduki ikaja. Ingekuwepo wakati wa mafuriko, ingechimbiwa kaburi kama lile jiwe na zile funguo.

"Kituta kimoja tu kilikuwa kimeanza kuipanda," alisema.

"Basi iliwekwa asubuhi. Alfajiri, si mapema zaidi. Na mwenye mguu alikuja wakati uleule. Mguu wake uliharibu vituta vilivyokwisha kuwepo." Hippolyte alizichukua funguo, akazifuta kwenye suruali. "Nani atamwambia Kapteni mambo haya?"

"Mimi."

"Wewe utamwambia mchanga, atacheka. Nitakuja na karai."

Otema alimkumbusha kwamba yeye ni Mkongo, na wiki hii haikuwa wiki nzuri ya kuwa Mkongo mbele ya Kapteni Kenyi.

"Na wewe na jina lako la Kiacholi, wasilolipenda wanajeshi, wiki yako nzuri ni ipi?" alisema Hippolyte, akaanza kutafuta karai.

*

Kwa Nanyama, mwanamke wa Kigisu aliyeuza malwa Kawempe juu kidogo ya mfereji, mlango ulikuwa wazi na chungu kimefunikwa. Malwa ni pombe ya ulezi; watu huketi kukizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Na popote kinapokaa chungu hicho sheria ni moja: hakuna anayeketi na chuma. Panga, kisu, chochote, mama mwenye chungu hukipokea mlangoni na kukirudisha mtu akiaga. Sheria hiyo haijui cheo. Askari naye hutoa chake, la sivyo mrija wake unabaki ukutani.

Nanyama alikuwa anaanika machicha ya ulezi kwenye mkeka. Otema alimsalimu, akamwulizia watoto, akaketi.

"Jana ulipata wateja?"

"Mvua ilikuja na upepo, ssebo. Ilifukuza wote. Hata mirija waliacha."

"Waliacha mirija tu?"

Nanyama aliendelea kutandaza machicha. Udongo wa Kawempe ni mwekundu, lakini kati ya vidole vya miguu yake, miguu midogo yenye visigino vipana, ulikuwa umekaukia mchanga mweupe wa mferejini.

"Nimeona kitu leo," alisema Otema. "Bunduki ile haikutupwa. Ililazwa. Mtu alishuka majini alfajiri, akaiweka pole pole kama anamlaza mtoto, mahali ambapo wachimba mchanga hawawezi kuikosa. Mtu huyo alijua kwamba isipoonekana leo, jeshi litachoma kila nyumba ya mfereji huu."

"Alifanya vibaya?"

"Alituokoa wote, na ningempata ningemshukuru. Ila gizani hakuona iko nyuma ya nyumba ya nani."

Mikono ya Nanyama ilisimama. "Ya nani?"

"Mama Hortense. Mumewe atachukuliwa jioni hii."

Alikaa chini palepale, juu ya machicha yake. Hortense ndiye aliyemkanda maji ya moto alipojifungua mtoto wa mwisho, alisema, kwa sababu hakuwa na dada huku. Kisha alisema, "Nakuja kituoni. Nasema yote. Yule kijana alikimbia na mvua, mimi nikaficha kile kitu ndani ya machicha, sikulala."

"Sijasikia," alisema Otema, akainuka. "Ukisema, watachukua wewe, watamchukua kijana aliyeacha silaha kwenye pombe, na Barnabé hawatamwacha, watasema mlipanga pamoja. Kaa na watoto wako. Nawa miguu."

*

Jua lilikuwa limeegemea paa la soko Landrova ilipofika Wandegeya. Kapteni aliingia na Praivet Lemi, kijana mwembamba aliyebeba ile bunduki kama deni la baba yake. Aliilaza juu ya kaunta. Karibu yake lilikuwa karai la mchanga na maji, na nyuma ya karai alisimama Hippolyte ndani ya ile suti yake.

"Hii nini? Nafua?"

"Afande, dakika chache," alisema Otema. "Mvua ilipoanza, Barnabé alikuwa hapa. Kapteni anakubali?"

"Askari yangu ndio alileta yeye. Lakini alitupa bunduki mbele ya mvua."

"Mwalimu, onyesha."

Hippolyte alilitikisa karai kwa nguvu: mchanga ukawa sawa. Akamimina maji ya birika taratibu upande mmoja, na vituta vikajitokeza, vichache, vya kuchechemea, lakini vilikuwa vituta. Alipomimina kwa nguvu vikafutika. Hakueleza mengi.

"Mafuriko hayaachi kituta," alisema Otema. "Vituta huja maji yakishatulia. Sasa, asubuhi Kapteni alitia mkono chini ya bunduki. Alikuta nini?"

Kapteni alivitazama vidole vyake.

"Bati," alisema.

"Mkono wa Kapteni ndio shahidi wangu. Sina mwingine. Bunduki ililazwa juu ya bati lile alfajiri, na alfajiri mtu huyu alikuwa kwenye mahabusu yangu, na mlango nilifunga mimi."

Kapteni aliizunguka kaunta. "Sawa. Basi nani aliweka?"

Ndipo mlangoni wakaingia wanawake wawili. Wa mbele alikuwa Hortense na chakula cha mumewe. Wa nyuma alikuwa Nanyama, amevaa gauni la kanisani, miguu imeoshwa inang'aa.

"Ssebo Kapteni," alisema Nanyama, akipiga magoti, "mimi ndiye..."

"Ndiye jirani yao," alisema Otema, "amekuja kuwashukuru jeshi na polisi kwa kuipata silaha kabla haijaanguka mikononi mwa mhalifu. Mtaa mzima umemtuma. Au siyo, mama?"

Hortense alimshika Nanyama bega.

"Ndiyo," alisema Nanyama. "Asanteni."

Kapteni hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama Lemi, na Lemi alikuwa anatazama sakafu, jasho limemtoka mpaka kwenye kola. Kapteni aliinua mkanda wa bunduki, akaunusa tena, safari hii kwa muda mrefu. Kasha la kiberiti lilikuwa mfukoni mwa Otema, na mkono wa Otema ulikuwa juu ya kasha. Kila aliyekuwa chumbani alijua kwamba Kapteni akiandika neno moja la ukweli juu ya silaha iliyolala nje ya kambi, swali la pili ataulizwa yeye.

"Bunduki imepatikana," alisema Kapteni mwishowe. "Mimi hapana taka tena hii maneno ya mchanga. Mtu yenu, fungulia yeye." Akatoka, akaita kutoka nje Lemi alete silaha.

Amito alikuwa ameshafika mlango wa mahabusu na funguo. Barnabé alitoka na blanketi limekunjwa mikononi, akamkabidhi Otema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Otema naye alimgeukia Hippolyte. "Mwalimu, deni la baiskeli limekwisha. Sasa ni mimi ninayedaiwa, na nashukuru kudaiwa."

Lemi alibaki nyuma kidogo, bunduki begani. Alisimama mbele ya Nanyama, aliyekuwa bado magotini, na ilionekana kwamba naye angependa kupiga goti.

"Asante, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Leo ningekufa."

Nanyama alimtengenezea mkanda begani, akapangusa ganda moja la ulezi lililobaki kwenye mshono.

"Mrija wako upo ukutani, mwanangu," alisema. "Hicho chuma kiache kambini."